Swichi ya Bibi

"Chaji! Niwashie taa!"

Kila jioni ni hivyo hivyo. Chumbani kwa Bibi hakuna swichi. Taa inaongozwa na simu. Mjukuu wake, ambaye nyumba nzima inamwita Chaji kwa sababu haachani na simu, anagusa kioo na chumba kinang'aa. Akitaka mwanga hafifu, anatelezesha kidole tu. Raha! Ila juzi simu ilizimika, Bibi akapapasa gizani mpaka akagonga goti kwenye kitanda.

"Taa gani hii inaringa kama bibi harusi?" alilalamika. "Mpaka iitwe!"

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi Shangazi, fundi umeme, alikuja na begi lake la vifaa. Angefunga swichi ya kuzungusha ukutani, ili Bibi aongoze taa yake mwenyewe.

"Chaji, kazime swichi kuu kule koridoni."

Chaji alikuwa katikati ya mchezo kwenye simu, karibu ashinde! Kwa simu hiyo hiyo akaizima taa ya Bibi, akarudi kwenye mchezo.

"Tayari, Shangazi!"

"Umezima swichi kuu?"

"Nimezima."

Shangazi akafungua kisanduku cha ukutani. Ndani mlikuwa na kile kifaa kinachopokea amri za simu, na nyaya zake. Chaji akatupia jicho simu yake. Moyo ukamlipuka paa! Pembeni ya picha ya taa kulikuwa na alama ya kijani: imeunganishwa. Kama kifaa bado kinaongea na simu, basi umeme bado umo!

Akisema, simu itachukuliwa. Labda anyate mpaka koridoni, azime kimyakimya...

"Unanyatia nini wewe?" Bibi akauliza kutoka kitandani.

Vidole vya Shangazi vilikuwa vinausogelea waya.

"Usiguse! Shangazi, usiguse! Sijazima!"

Mkono ukaganda hewani. Shangazi akatoa testa, bisibisi ya kupimia umeme, mfukoni, akaigusisha kwenye waya. Ikawaka nyekundu.

"Mungu wangu!" Bibi akashika kifua. Chaji akaangua kilio.

"Taa imezimwa na nani?" Shangazi akauliza.

"Mimi... kwa simu. Nilikuwa nacheza."

Shangazi akaketi kitandani, jasho likimtoka. "Na mimi nimekosea," alisema. "Nilitakiwa kupima kwanza, nikaliamini neno lako. Weka simu mezani. Nenda kazime."

Chaji alikimbia, akazima, akarudi. Safari hii Shangazi alipima, testa haikuwaka. Akaunganisha nyaya, akakaza skrubu, akamtuma Chaji kurudisha umeme. Bibi akazungusha swichi mpya. Mwanga ukapanda, ukashuka, ukapanda tena.

"Ee! Bibi harusi ananisikia sasa!"

Shangazi hakucheka. Alimvuta Chaji karibu. "Taa kuzimika si umeme kukatika, mwanangu. Ukisema umezima, mimi natia mkono. Usiseme umefanya kitu hujafanya, hata kama utagombezwa. Kugombezwa kunaisha. Leo umechelewa kusema ukweli, lakini umesema. Kesho usichelewe."

"Nimeelewa, Shangazi."

Jioni Chaji alikaa sebuleni, masikio wima. Chumba cha Bibi kilikuwa kinang'aa tayari.

"Chaji!"

Akaruka. "Abee, Bibi! Taa imegoma?"

"Wala. Nimezoea tu kukuita. Njoo tukae."