Bodi Iliyokataa Kadi Nne

Bodi ile ilipowashwa mara ya kwanza juu ya meza ya chakula, feni ilizunguka, taa ndogo nyekundu ikawaka, na sebule nzima ikanuka pumzi ya mtu aliyetoka usingizini. Fundi aligeuka akidhani mkewe amesimama nyuma yake. Mkewe alikuwa jikoni, akifunga bomba la maji.

"Skrini haioneshi kitu, Baba," binti yake alisema.

"Naona. Macho ninayo."

Hapo ndipo hasira zilipoanza. Binti huyu, ambaye nyumbani na mtaani waliishia kumwita Kapteni kwa sababu aliongoza timu ya watu watano wanaocheza gemu kwenye kompyuta, alikuwa na mechi ya mchujo Jumamosi mchana. Timu ikipita, yeye kama nahodha angechukuliwa na chuo kusomea utengenezaji wa gemu, na nafasi kama hiyo hairudi mara mbili. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekufa Jumapili. Baba yake, aliyetengeneza kompyuta za watu kwa miaka ishirini na miwili, alimpiga bega akamwambia alale usingizi, atamuundia mpya kwa mkono wake.

Madabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vitu vyote vya kompyuta, aliupata kwa muuza vifaa vilivyotumika. "Mzima kabisa," muuzaji alimwambia, "lakini sikufichi, kila anayeichukua huirudisha." Fundi alicheka. Alijua sababu: waliichukua watu wasiojua kazi.

Ilibaki kadi ya picha, ile inayoipa kompyuta nguvu ya kuchora gemu. Wewe uliyewahi kuitafuta unajua ni adhabu gani. Lazima iendane na tundu la bodi, na nafasi iliyomo ndani ya kasha, na umeme uliopo, na hata ile programu ndogo inayoishi ndani ya bodi yenyewe. Kadi ya kwanza ilikuwa ndefu kupita kasha, na hata mezani haikutoa picha. Ya pili ilitaka umeme mwingi. Akabadilisha pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, giza. Ya tatu haikutambuliwa na programu ya bodi. Akaweka programu mpya, giza. Kwa ya nne alikaa asubuhi nzima akisoma majedwali, kila kipimo kikakubali, akaipachika akiwa na tabasamu la ushindi. Giza tupu. Na kadi hizo hizo nne, alipozipeleka dukani kwake na kuzijaribu kwenye kompyuta nyingine, kila moja ilitoa picha safi kama kioo.

Kila alipochomoa kadi, aliinama akapuliza ndani ya tundu kwa nguvu, vumbi litoke. Vitabu vinakataza, kwa sababu mate huingia. Mafundi wote wanajua vinakataza, na mafundi wote hupuliza.

Alhamisi alikwama kwenye ngazi. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya pili tu, na yeye alikaa kwenye kipandio cha nne akitweta, kifua kinawaka. Akavua miwani aifute kwa ukungu wa pumzi yake, kama alivyofanya kila siku. Akapumulia kioo. Hakikupata ukungu. Akapumulia tena, akiwa amekisogeza mpaka karibu kigusane na midomo, na kioo kikabaki kikavu.

Alijiambia ni joto. Aliingia ndani, akaichomoa bodi kwenye umeme, akainama kuchungulia tundu kwa tochi, na hewa ya uvuguvugu ikamgusa uso. Ikakata. Ikamgusa tena. Ilikuja kila yeye alipovuta pumzi, ikasimama kila alipoitoa, na alipojizuia asipumue kabisa, huku jasho jembamba likimtoka na mkono ukipapasa ule waya uliolala sakafuni bila kuunganishwa popote, ile hewa iliendelea kumjia usoni peke yake, taratibu, kama mtu asiye na haraka.

Mkewe alikuwa muuguzi, mtu wa kupima kwanza na kuamini baadaye. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kiganja juu ya tundu, akakiondoa haraka.

"Kitoe ndani ya nyumba yangu," alinong'ona.

"Na mechi?"

"Mume wangu, hiki kitu kinapumua."

"Kesho nakirudisha. Usimwambie mtoto."

Kosa la kwanza lilikuwa kupuliza. La pili, na hili ndilo alilojilaania, lilikuwa kumficha mtoto ukweli. Ijumaa mchana alipokuwa dukani akiwapigia simu mafundi wenzake kuomba bodi ya kuazima, Kapteni, ambaye hakuambiwa lolote na mechi ilikuwa kesho, alikaa mezani na ile kadi ya nne. Baba alirudi mikono mitupu akamkuta anacheka mbele ya skrini yenye rangi zote za dunia.

"Umefanyaje?"

"Nimepuliza kidogo tu, kama unavyofanya wewe. Ikakubali."

Angeweza kuuvuta ule waya papo hapo. Hakuuvuta. Siku tano alikuwa amechemka mbele ya binti yake, na sasa picha ilikuwepo, na moyo wake, nasema ukweli, ulifurahi. Alimwangalia mkewe aliyesimama mlangoni; mkewe akamtazama binti anavyocheka, akarudi jikoni.

Jumamosi Kapteni alicheza kama hajawahi. Timu ikapita. Akawashukuru wenzake, akavua vifaa vya masikioni, akasimama na kunyoosha mikono juu, na Fundi, ambaye saa tatu nzima alikuwa amesimama karibu na ukuta akisubiri tu mechi iishe, akazima swichi.

Feni ilisimama, na binti akakaa sakafuni polepole mikono ikiwa bado juu, macho yako wazi, mdomo uko wazi, na hakuna kilichoingia wala kutoka, na mama yake akamrukia akamlaza, akambonyeza kifua, akampulizia mdomoni mara moja, mbili, kumi, na kila alichopuliza kikatoka kimya kimya kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, midomo ya mtoto ikageuka rangi, na Fundi akiwa amesimama pale na kidole chake kwenye swichi ndipo akatambua kwamba ile harufu ya mtu aliyetoka usingizini, waliyoizoea wiki nzima, ilikuwa imekatika pamoja na umeme. Akawasha.

Feni ikazunguka. Kapteni akavuta pumzi.

Walipojaribu kuisogeza kompyuta hata shibiri moja, pumzi ya Kapteni ikakwama tena. Wakaiacha pale pale, na godoro lake wakalileta chini ya meza.

Mtabibu wa majini waliyemwita usiku ule alifika Jumapili asubuhi, mwanamke wa makamo mwenye mkoba mkubwa, akilalamikia ngazi. Hakufukiza kitu wala kuuliza majina ya babu zao. Aliitazama bodi, akawatazama wote watatu.

"Nani amepuliza?"

Baba na binti wakainua mikono kama wanafunzi.

Mtabibu akaweka kiganja juu ya kadi, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Alisoma mpaka shingo ikamlowa. Kisha Kapteni akazungumza, kwa sauti yake mwenyewe, akiwa amefumba macho. "Baba nilimwonja. Hatuendani."

"Na huyu?" mtabibu akauliza.

"Huyu ametosha."

Mtabibu alirudi nyuma, akajifuta uso kwa ukali. Alionekana amekasirika kuliko kuogopa. "Wengi nimewatoa," akamnong'oneza Fundi. "Wanashika mguu, wanashika tumbo, unavuta wanatoka. Huyu kashika pumzi yenyewe. Nikimvuta anatoka nayo. Nipeni siku tatu, kuna mwalimu wangu yuko mbali. Ila msizime."

"Mimi je? Nikijitoa mimi badala yake?"

"Umesikia jibu lake."

Fundi hakulikubali jibu. Maisha yake yote yalikuwa kulazimisha vitu viendane; alikuwa amekata, amechonga, amebadilisha waya, na daima kitu kiliingia mahali pake. Alipiga magoti akaweka mdomo kando ya kadi akapuliza pumzi yake yote, akavuta nyingine akapuliza, akilia kwa hasira, akitukana, akibembeleza, na kila alichopuliza kilirudishwa usoni mwake kikiwa vuguvugu, mpaka akaanguka ubavu.

"Baba, acha," Kapteni alisema kutoka chini ya meza. "Linakucheka."

Saa nane mchana ujumbe ukaingia kwenye simu za mtaa mzima. Shirika la umeme liliomba radhi: kesho Jumatatu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, umeme ungekatwa kwa ajili ya matengenezo.

Betri ya dharura ya Fundi ilibeba dakika arobaini. Mkewe alikimbilia hospitalini kwake kubembeleza mashine ya kupumulia, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyempulizia mtoto na kuona hewa haikai. Fundi alibaki na simu. Muuza jenereta wa kwanza hakuwa nayo. Wa pili alikuwa ameuza ya mwisho nusu saa iliyopita. Wa sita alikuwa mtu mpole, aliyekuwa na muda wa kuongea.

"Zimeisha, mzee. Wote wameona huo ujumbe. Labda keshokutwa."

"Keshokutwa hapana. Nakuomba."

"Kwani unataka kuwashia nini? Friji?"

"Kompyuta."

"Ya ofisi?"

Fundi aliangalia chini ya meza. Kifua cha binti yake kilipanda na kushuka, sawasawa na mzunguko wa feni.

"Ya gemu," akasema. "Ya binti yangu."

Muuzaji akacheka kidogo, kicheko cha mzazi kwa mzazi. "Basi izime hiyo kesho, mzee wangu. Mwache mtoto naye apumzike."