Nywele Zisizoenea Kwenye Picha

Foleni ya watafuta kazi ilitoka nje ya mlango wa duka la picha, ikakunja kona ya jengo na kuishia mbele ya duka la viatu. Kila aliyesimama humo alishika bahasha ya kaki, na kila mmoja alikuwa amevaa nguo yake ya heshima kuliko zote, ile inayotundikwa peke yake nyuma ya mlango. Ndani ya duka, mpiga picha alikuwa akiwaita mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane, mwembamba, mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono hadi viwikoni na sketi ya kijivu iliyopigwa pasi kwa uangalifu.

"Kaa wima. Masikio yaonekane. Usitabasamu."

Maneno hayo alikuwa ameyasema tangu saa mbili asubuhi. Kazi ilikuwa imemfundisha kuuona uso bila kuutazama: kidevu kiko hapa, macho yako pale, bofya, anayefuata. Basi alipoita anayefuata na kijana wa miaka thelathini na miwili akaketi juu ya kigoda, mbele ya kitambaa cheupe, mpiga picha alifungua kinywa kusema maneno yake na hayakutoka.

Zilikuwa ni nywele. Zilianza kichwani zikiwa nyeusi na nzito, zikashuka kwa misokoto minene kama kidole, kila msokoto ukijiviringa kwa namna yake, hadi zikapita mabega na kutanda pande zote. Mwanga wa dirishani ulipenya katikati yake na kuonyesha uzi mmoja mmoja wa rangi ya asali. Hakuna mkono wa msusi uliopita hapo. Zilikuwa zimejiotea tu, kwa mpango ambao hakuna mtu aliyeupanga.

"Dada, masikio yaonekane?" kijana aliuliza kwa adabu.

"Kwani unayo?"

Foleni ilicheka, na yeye mwenyewe akacheka. Mpiga picha aliinua kamera. Alipokaribia, uso ulikaa sawa lakini nywele zilikatwa na kingo za picha. Aliporudi nyuma, nywele zilienea lakini uso ukawa mdogo kama kifungo cha shati.

"Umezifuga muda gani?"

"Miaka miwili na nusu. Nilikuwa mchora ramani za majengo, ofisi ikafungwa. Zamani nilikuwa nanyoa kila baada ya wiki mbili, bila kukosa. Nilipokosa pa kwenda, nikaacha. Siku moja nimetoka kuoga, natazama kioo, naona zimeanza kujikunja." Aligusa msokoto mmoja, kana kwamba jambo lenyewe bado lilimshangaza. "Sikujua, dada. Umri wote huu niko nazo, hatujawahi kukutana."

"Na kazi?"

"Kazi ndiyo haijajitokeza. Nywele zimejitokeza."

Picha mbili zingetosha. Mpiga picha alipiga kumi na moja, mpaka mama mmoja kwenye foleni akauliza kama hiyo ni pasipoti au harusi.

"Niachie namba yako," alimwambia wakati akimpa risiti. "Nikikosea nikupigie."

"Huwa unakosea?"

"Mara chache. Leo nakusudia."

Alimpigia jioni ileile.

"Bwana Wingu la nywele?"

"Nani huyo?"

"Wa 'usitabasamu'. Nimekosea, kama nilivyoahidi."

"Umekosea nini?"

"Nimekupigia saa kumi na mbili, na nilitaka kukupigia saa nane."

Ndivyo ulivyoanza urafiki wao, na haukuchukua muda mrefu kubadilika jina. Walizoea kutembea jioni kutoka dukani hadi bustani ya manispaa, mpiga picha akiwa na gauni la samawati na viatu bapa, mchora ramani akiwa na suruali yake ya kaki na shati la mistari. Watoto waliwageukia, wazee wa vibarazani wakakatiza maongezi. Mpiga picha alikuwa ametazama maelfu ya vichwa, na bado kila jioni aliona jambo jipya: jinsi ukungu wa mvua ulivyotua juu ya misokoto bila kuipenya, jinsi upepo ulivyoitawanya na yenyewe ikarejea mahali pake kama wanafunzi waliosikia kengele.

Shangazi wa kijana, muuguzi mstaafu aliyemlea na ambaye aliishi naye, hakuwa na mshangao huo.

"Mwanangu," alimwambia siku ambayo mpiga picha alikuja kusalimia, "kazi inakuona kwa mbali, inavuka barabara."

"Shangazi, labda inanitafutia nafasi ya kupita."

"Na wewe binti, unamcheka au unamwunga mkono?"

"Mimi mgeni, shangazi. Nakunywa chai tu."

Mwezi wa tatu wa urafiki wao, kampuni iliyokuwa ikijenga hospitali mpya ilitangaza nafasi ya mchora ramani. Mchora ramani alilisoma tangazo mara nne. Alipomsomea mpiga picha kwa simu, sauti yake ilitetemeka kidogo. "Laazizi, hii ni yangu. Nikiikosa hii, sijui nitajiambia nini."

Maombi yalipita katika duka la picha, kwa kuwa duka lilikuwa na kibali: picha ilipigwa pale, ikagongwa muhuri na tarehe kwa nyuma, ikatiwa kwenye bahasha na kufungwa kwa gundi mbele ya mpiga picha, na kutoka hapo hakuna aliyeifungua hadi ifike kwa mwajiri. Muhuri ulikuwa ni neno lake kwamba uso huu ndio wa mtu huyu. Lakini mpiga picha alijua pia jambo ambalo waombaji hawakulijua. Picha yenye kichwa kisichoenea ndani ya kipimo iliwekwa kando, na faili lake halikufunguliwa kabisa.

Mchora ramani alipokwisha kupigwa picha na kwenda zake, mpiga picha aliketi mbele ya kompyuta. Alifuta msokoto mmoja, ule wa pembeni kabisa, ili kichwa kienee. Kichwa hakikuenea. Akafuta wa pili. Baada ya saa nzima, kwenye kioo alikuwepo kijana nadhifu aliyenyolewa vizuri, ambaye hakuwa amewahi kumwona. Mkono ulisita juu ya muhuri. Kisha aliikumbuka ile sauti iliyotetemeka, akagonga.

Faili lilifunguliwa. Siku ya usaili mchora ramani alivaa suti nyeusi ya marehemu mjomba wake, akazikusanya nywele nyuma kwa utepe mweusi, akaingia katika chumba chenye meza ndefu na watu watatu. Mwenyekiti wao, mama mwenye miwani na mvi za kukatwa fupi, aliitazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha.

"Kijana, mwenye picha hii yuko wapi?"

"Ni mimi, mama."

"Imegongwa muhuri wiki tatu zilizopita. Nywele zako huota hivyo kwa wiki tatu?"

Waliisogeza picha mbele yake. Alijiona akiwa na paji la uso tupu, akaelewa yote. Angeweza kusema. Neno moja tu lingemtoa katika tuhuma, na neno hilohilo lingeuondoa muhuri mkononi mwa mwanamke aliyempenda.

"Sina maelezo," alisema.

"Basi tuwie radhi. Hapa wamewahi kuja watu kuwafanyia wenzao usaili. Mlango ni huo."

Simu ililia akiwa bado kwenye ngazi.

"Kipenzi, umetoka? Niambie, walikuulizaje?"

"Waliniuliza mwenye picha yuko wapi."

Upande wa pili ulisikika mlio wa mashine ya fotokopi.

"Nilitaka wafungue faili lako," alisema mwishowe.

"Walilifungua. Wakamkuta mtu mwingine."

"Umewaambia ni mimi?"

"Hapana. Muhuri ni wako, ndio unaokulisha."

"Nisikilize kwanza."

"Siku ya kwanza ulinitazama, nikasema moyoni, huyu anaona. Kumbe ulikuwa unapima pa kukata."

Akakata simu, na siku nane hakuipokea tena. Siku ya nane alimwomba shangazi mkasi.

"Wa nini?"

"Si siku zote unataka nizikate?"

Shangazi aliendelea kuchambua mchele kwenye sinia. "Nilitaka uzikate kwa kuchoka nazo. Kwa kumkasirikia mtu, hapana. Mkasi wangu ni wa nguo." Baadaye, bila kuinua macho, aliongeza, "Alikuja hapa jana, ulipotoka. Hakuketi. Aliniuliza ofisi ya waliokusaili iko ghorofa ya ngapi."

Ilikuwa ghorofa ya tano. Asubuhi ya siku ya tisa mpiga picha alipanda ngazi zote kwa miguu, kwa kuwa alihitaji muda wa kupanga maneno. Alivaa shati lilelile jeupe. Mbele ya mwenyekiti aliweka zile picha kumi na moja, zote zikiwa na tarehe ya kamera.

"Huyu ndiye aliyekuja kwenu, mama. Yule wa kwenye bahasha nilimtengeneza mimi. Mwenyewe hakujua."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alichukua picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kadiri alivyoendelea ndivyo mkono wake ulivyozidi kwenda polepole.

"Hizi ni zake kweli?"

"Hakuna hata unywele mmoja wa dukani."

"Subhanallah," mama alinong'ona, kisha akajiweka sawa katika kiti chake. "Unajua kanuni ya muhuri?"

"Naijua."

"Nitalazimika kuwaandikia barua waliokupa kibali."

"Ndiyo maana nimeuleta." Akautoa muhuri mkobani na kuuweka mezani, ukiwa bado na wino.

Mchana ule simu ya mchora ramani ililia, namba asiyoijua. "Kijana, njoo kesho saa tatu. Safari hii njoo na kichwa chako." Alikwenda. Walimpa karatasi, penseli na saa mbili za kuchora wodi ya watoto yenye vitanda kumi na vinne, madirisha ya kutosha na njia ya kupitisha machela. Alipomaliza, watu watatu waliinama juu ya karatasi muda mrefu. Kazi akapewa palepale. Alipokuwa akiaga, mwenyekiti alifungua droo na kumwonyesha muhuri.

"Aliuleta mwenyewe. Kwa kanuni, atakosa kibali mwaka mzima. Nilimwuliza kama ana ombi lolote."

"Akasema nini, mama?"

"Akauliza kama tuna kofia ya ujenzi itakayokuenea."

Mchora ramani alisimama kwenye korido na barua ya ajira mkononi, na alichokistaajabia hakikuwa ile barua. Miaka miwili na nusu alikuwa akigonga milango. Hakuwahi kufikiria kwamba mtu angeweza kujifungia mlango wake mwenyewe ili wa mwenzake ufunguke.

Jumamosi alimkuta mpiga picha nje ya chumba chake, kwenye ua wa saruji, amevaa kanga kiunoni na fulana iliyopauka, akifua. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimesukwa mistari sita iliyonyooka. Alipomwona alifuta mikono bila kuondoka penye beseni.

"Umepata?"

"Nimepata. Naanza Jumatatu."

"Alhamdulillahi. Nilikufuta, Bwana Wingu. Nilidhani nakusaidia, nikakufuta."

"Ulifuta picha. Juzi ulipanda ghorofa tano ukanirudisha mzima." Akachuchumaa mbele yake. "Na mimi nilikukatia simu siku nane. Nilisema neno baya."

"Lilikuwa la kweli."

"Lilikuwa la hasira. Jumatatu wanataka nifike safi, na kuziosha ni kazi ya saa mbili. Peke yangu nimeshindwa kufika nyuma."

Mpiga picha akamwangalia kwa pembe ya jicho. "Unatafuta mtu wa kazi?"

"Natafuta."

"Mimi sina kibali."

"Nimesikia. Ndiyo maana nimewahi kabla hujachukuliwa kwingine."

"Ya mkataba au ya kudumu?"

"Ya kudumu. Usaili kwa shangazi, kesho baada ya chakula cha mchana."

Mpiga picha alibadilisha maji ya beseni, akamwinamisha kichwa, akamimina kwa kikombe. Misokoto ilipolowa ilifunguka, ikateremka, ikaendelea kuteremka, hadi ikafika katikati ya mgongo wake, mirefu maradufu ya ilivyodhaniwa. Mpiga picha aliuacha mkono hewani. Kisha alikamata msokoto mmoja, akaukamua kwa vidole viwili, akauachia, na huo ukapanda wenyewe taratibu, ukajikunja hadi juu.

"Mbona kimya?" aliuliza mchora ramani, macho yamejaa maji.

"Nimekubali," alisema, kwa sauti ambayo nusura isisikike, akachukua msokoto wa pili.