Mikono ya Shimoni

Mama Brashi alikuwa anakamua shuka, ncha moja kaifunga kwenye kitasa cha mlango, nyingine kaishika mwenyewe, Masikio alipoingia uani bila kubisha hodi. Hakuwa na viatu. Udongo mbichi ulimfika magotini.

"Dada," alinong'ona, "ile mikono kule shimoni, uliifinyanga wewe?"

Shuka ikamponyoka. Kwa miezi minane hakuna aliyewahi kuuliza swali la namna hiyo.

Walikuwa wasanii watatu wenye kazi moja. Yeye alipaka rangi. Mdogo wake, waliyemwita Ngongoti kwa urefu wake, alifinyanga na kuchonga. Masikio alinasa sauti: vijiko, pumzi, mvua juu ya bati, wao wenyewe wakigombana. Kisha alizirudisha kupitia spika alizozizika ndani ya udongo. Walipanga gereji iliyofungwa zamani, wakajaza udongo kwenye shimo ambamo mafundi walikuwa wakisimama chini ya magari, na humo wakaanza kuinua umati wa watu wa udongo kwa ajili ya maonyesho. Hakuna kipande kilichokuwa cha mtu mmoja. Mama Brashi mwenyewe ndiye aliyeandika sheria yao mlangoni kwa rangi nyekundu: UKIKUTA KAZI HAIJAISHA, IENDELEZE. USIULIZE NI YA NANI. Na chini yake: TUKIKUBALI WOTE KWAMBA IMETOSHA, KILA MMOJA APIGE KIGANJA. ISIGUSWE TENA.

"Sijafinyanga mkono hata mmoja," alisema. "Nilidhani ni Ngongoti."

"Ngongoti alidhani ni mimi."

"Wewe? Wewe hata kamba za viatu unafungiwa."

"Ndiyo maana nauliza, dada! Ngongoti alijilaza shimoni asubuhi, aache chapa ya mwili wake kwenye udongo. Joto likamzidi, usingizi ukamchukua. Amelala juu ya kazi. Na kuna mtu anamwendeleza."

Shangazi yao, aliyekuwa anachambua maharage kizingitini, aliweka ungo chini. Alikuwa mwanamke wa kutibu watu waliopandwa na majini, na kazi hiyo ilikuwa imemchosha kama kazi nyingine yoyote.

"Huyo mtu mmemwalika au kaja mwenyewe?"

"Hatumjui, shangazi."

"Basi mmemwalika." Akajifunga kitambaa cha kichwa. "Twendeni."

Jua lilikuwa la utosi. Mlango wa gereji ulikuwa wazi, na harufu iliwapokea kabla hawajaingia: oili ya magari ya zamani, udongo mbichi, na kitu kama kucha zilizoungua. Shangazi alisimama kizingitini, akasoma maandishi yote mawili polepole, mdomo ukitembea.

"Nani kaandika huu upuuzi?"

"Mimi," alisema Mama Brashi.

"Umeandika vizuri. Hata jini ameelewa."

Ngongoti alikuwa chali katikati ya shimo, amezama hadi mbavuni, na kumzunguka ilisimama ile mikono, kumi au kumi na moja, mirefu, ya udongo, kila mshipa mahali pake, mizuri kiasi kwamba kwa wiki nzima kila mmoja wao alikuwa amemwonea mwenzake wivu kimyakimya. Mdomo wake ulijazwa udongo. Macho yake yalikuwa wazi, yakimtafuta dada yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umechanwa kuanzia kiwiko hadi kiganjani, na ndani ya ule mchano, huku damu ikichemka na kumwagika, waya wa kuundia sanamu ulikuwa ukijisokota wenyewe kando ya mfupa, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, kama fundi anavyotayarisha kiunzi kabla ya kukivika udongo.

Masikio aliruka shimoni, akamshika mabegani na kuvuta. Kitu kilimnyanyua kwa mkono mmoja kama mtu anayeokota kitambaa, kikampiga ukutani, na walisikia mfupa ukikatika kama kuni kavu kabla hajaanguka chini akilia.

"Usimvute!" Shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Unamnyang'anya kazi yake. Mwalikwa hafukuzwi. Mlimwahidi nini? Mpeni mlichomwahidi."

"Tulimwahidi nini?"

"Si umeandika wewe? Soma!"

Mama Brashi alisoma mstari wa pili, herufi zake mwenyewe. Kisha akachukua ndoo ya rangi nyekundu na kushuka shimoni. Alimlea Ngongoti tangu akiwa na miaka miwili, mama yao alipofariki. Alifanya mitihani ya sekondari akiwa amembeba mgongoni. Hakuwa tayari kumwacha kwenye udongo ule, hata kama angetoka naye nusu.

Aliutoa udongo mdomoni mwa mdogo wake kwa vidole viwili, donge baada ya donge. Ngongoti alifungua kinywa kupiga kelele, lakini sauti haikutoka kwake. Ilitoka kwenye spika zote kwa pamoja, chini ya miguu ya dada yake, ndefu, mpaka mabati ya paa yakatetemeka. Ilipokatika, yakaja maneno. Yalikuwa maneno yao wenyewe, yaliyonaswa na Masikio miezi yote ile, sasa yamekatwakatwa na kuunganishwa: neno moja kwa sauti ya Ngongoti, moja kwa sauti ya Masikio, na la mwisho kwa kicheko cha Mama Brashi mwenyewe.

"Kazi. Hii. Bado."

Alichovya kiganja kwenye ndoo na kukipiga kifuani mwa Ngongoti. "Mimi nasema imetosha. Masikio! Njoo upige chako."

"Mkono umevunjika, dada."

"Una miwili. Njoo!"

Masikio alitambaa hadi ukingoni, akateleza ndani, akapiga kiganja cha kushoto kando ya kile cha kwanza. Halafu taya la Ngongoti likaanza kusogea, si kwa kufunguka bali kwa kwenda pembeni, kama kidole gumba kisichoonekana kimeliegemea na kulisukuma ili kulirekebisha, ngozi ikivutika, jino likichomoka na kumwangukia kooni, naye akikoroma na kupalia damu yake, na Mama Brashi alipoushika utupu pale penye hicho kidole kwa mikono yote miwili ili kuusukuma nyuma, kilichomjibu kilimchana shavu kutoka sikioni hadi mdomoni, kikamzamisha kichwa kwenye udongo, kikamshikilia humo mpaka kifua chake kikataka kupasuka, kisha kikamwachia ghafla, kama mtu aliyesukumwa kiwiko akiwa katikati ya kazi na sasa anarudi kuinamia alichokuwa akifanya.

Alikohoa udongo na damu. Ndipo hasira ikampata, lakini haikuwa hasira ya kupiga kelele. Ilikuwa ile aliyokuwa nayo kila alipomkuta msanii mwenzake anaharibu picha kwa kutojua kuacha.

"Sikiliza," aliuambia utupu. "Ile mikono ni yako?"

Spika zikakwaruza. "Yangu," zilisema, kwa sauti ya Ngongoti.

"Ni mizuri. Nimechora miaka ishirini, sijaweza mkono kama ule. Siongopi." Alipangusa udongo machoni. "Sasa tazama hapa. Tazama huu mkono wa huyu. Waya umeuvuta mno, kiganja kimepinda. Na taya ulilosogeza limeuharibu uso mzima. Hapa hujaongeza kitu. Kuanza unajua. Kuacha ndiko hujui."

Masikio alifumba macho. Shangazi pale juu alishika kichwa.

"Unamwambia makosa yake, mwanangu?" alinong'ona. "Jini?"

"Ni mwenzetu kazini, au siyo? Basi aambiwe." Alimwinamia mdogo wake. "Ukiongeza hata kidole kimoja hapa, watu watasema mwenye ile mikono alibahatisha. Piga kiganja, uache. Au endelea, uaibike."

Waya ulisimama. Harufu ya kucha ilipanda mpaka ikawafunga pumzi. Kisha, kati ya viganja viwili vyekundu, ngozi ya kifua cha Ngongoti ilididimia na kuanza kuungua, na alama ikajichora mbele ya macho yao: kiganja chembamba, vidole virefu vinavyofika mpaka shingoni. Safari hii Ngongoti alipiga kelele kwa koo lake mwenyewe. Mikono yote ya udongo ikapasuka kwa pamoja na kumwagika.

Walimbeba kwa mlango wa gereji, walioung'oa kwenye bawaba zake. Hospitalini daktari alichomoa waya kwa saa nne, akauliza ni mashine gani iliyofanya hivyo. Mama Brashi alimwambia hata wao wanaitafuta.

Siku ya tisa Ngongoti aliruhusiwa. Jioni hiyo Mama Brashi alipika wali na maharage, akapakua, akawaita wote mezani. Alimlisha mdogo wake kijiko kwa kijiko, kwa sababu taya lilikuwa limefungwa nyaya na mkono ulikuwa kwenye plasta. Ule mlango waliuchoma. Shimo walilijaza saruji.

"Shangazi," Masikio aliuliza kwa sauti ndogo, "ametoka?"

"Kwa huyu ametoka. Huyu amepigwa kiganja, hataguswa tena." Shangazi alivuta sahani yake. "Nyie wengine sijui. Nyie hakuna aliyewapiga."

Mama Brashi alihesabu kwa macho: Shangazi, Masikio na mkono wake uliotundikwa shingoni, Ngongoti, binti zake mwenyewe, mkubwa na mdogo, na yeye. Sita. Wote wapo.

Binti mdogo alivuta kona ya nguo yake. Alikuwa na miaka sita, na siku nzima alikuwa na furaha ya jambo lake.

"Mama, ona! Limeng'oka leo!" Akafungua kinywa wazi mbele ya watu wote, akaonyesha pengo. "Hapa bado kuna nafasi."

Mama Brashi alimfunika mdomo kwa kiganja, upesi, kwa nguvu, mpaka mtoto akashtuka. Hakumtazama mtu. Kila kijiko kilikuwa kimesimama.

"Funga mdomo," alimwambia polepole. "Kula."