Kibodi ya Mwanga

Siku ile mjinga alikuwa Vidole, na mpaka leo mwenyewe hukiri bila kuzungusha maneno. Hakunyang'anywa wala hakutishwa. Alikabidhi kwa mikono miwili kitu kilichomfaa, akasema na ahsante.

Jina la Vidole alilipata dukani kwa shangazi yake, mpiga chapa aliyekuwa akiwachapia watu barua na maombi ya kazi kwa miaka ishirini. Kila alasiri Vidole alitoka shule, akavua sare, akala, kisha akaketi mbele ya kibodi kuukuu ya shangazi. Mafunzo yalikuwa ya aina yake. Shangazi alimfunika mikono kwa kitambaa cha kupangusia vumbi, akamwamuru achape hivyo hivyo bila kuona. Mwanzoni alichapa upuuzi mtupu, hata mteja mmoja akauliza hiyo ni lugha ya nchi gani. Baada ya mwaka, vidole vyake vilikuwa vinatua vyenyewe kwenye vijinundu vya herufi F na J, na vile vingine vikajipanga pembeni kama wanafunzi mstarini.

Kwa hiyo mwalimu wa kompyuta alipotangaza nafasi moja tu ya mafunzo ya likizo, kwa yule atakayechapa imla ya dakika kumi kwa makosa machache kuliko wote, darasa zima lilimgeukia Vidole. Shule ilikuwa na kompyuta ndogo za kuenea kiganjani, na kuchapa kwenye vioo vyake ilikuwa sawa na kutunga uzi kwenye sindano ukiwa umevaa glavu. Mwalimu aliruhusu kila mtu aje na kibodi ya kuunganisha. Vidole aliiomba ile ya shangazi, naye akapewa.

Asubuhi ya imla, Kasuku alimngoja barazani. Huyu alikuwa akikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, na jina lake lilitokana na mdomo wake usiopumzika. Mkononi alikuwa na kijisanduku cha kaka yake, kidogo kama kiberiti. Alikiweka juu ya meza, akabonyeza, na herufi nyekundu za mwanga zikamwagika mezani, zimepangwa kama kibodi kamili. Ukigusa herufi ya mwanga, inatokea kwenye kompyuta. Watoto wakakodoa macho.

Hapo Kasuku akamvisha mwenzake kilemba cha ukoka. Alimwita rafiki, akasema fundi kama Vidole anastahili kifaa cha kisasa, si lile likibodi linalopiga kelele kama mvua juu ya mabati. Yeye Kasuku, anayedonoa kwa vidole viwili, atajikaza tu na hilo la zamani. Vidole alikaribia kutokwa na machozi kwa wema huo. Hakukijaribu kifaa hata dakika moja. Wakabadilishana.

Mwalimu alipoanza kusoma, Vidole alitua vidole kama alivyozoea. Havikukuta kijinundu, vilikuta mbao tupu. Tena kila kidole kilichopumzika juu ya mwanga kilihesabiwa kuwa kimechapa, na kioo kikajaa herufi ovyo kabla neno la kwanza halijaisha. Akainua mikono hewani, akaanza kudonoa. Mara jua la dirishani likafika mezani, na herufi zikafifia. Aliweka mkono wa kushoto kuzikinga, na mkono nao ukachapa mambo yake. Kando yake Kasuku alikuwa akidonoa taratibu, tak, tak, bila wasiwasi.

Vidole alipata makosa sitini na moja. Kasuku, ingawa hakumaliza imla, alipata tisa, na nafasi ikawa yake. Vidole alimpa mkono wa pongezi, akajilaumu mwenyewe.

Jioni kaka yake Kasuku alikuja getini kuchukua kifaa chake. Alishangaa kukikuta mikononi mwa Vidole, akamuuliza kama alikitumia kwenye mtihani.

"Mdogo wangu ameshindwa nacho wiki nzima," akasema. "Nilimwambia kinataka chumba chenye giza, na kinamtesa zaidi mtu aliyezoea kuchapa bila kuangalia. Akanijibu kwamba basi anamjua wa kumpa."

Makosa sitini na moja hayakumuuma Vidole tena. Kilichomuuma ni ule mkono wa pongezi.

Kesho yake kaka mtu alikwenda mwenyewe kwa mwalimu, akaeleza yote. Mwalimu aliwaita wote wawili, akawapa imla mpya, kila mmoja kwa zamu yake, kwa kibodi ile ile ya shangazi. Vidole alikosea mara mbili. Kasuku alikosea mara kumi na moja. Nafasi ikahama.

Alasiri Kasuku alikuja dukani, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, akalalamika kwamba ameaibishwa bure. Shangazi aliacha kuchapa.

"Wewe Vidole, kifaa kinajaribiwa kabla ya siku ya kazi, na hilo kosa ni lako," alisema. "Na wewe mwanangu, ukijua kitu kitamwangusha mwenzako, halafu ukanyamaza na kumsifia, umedanganya. Uaminifu si kuchunga maneno tu."

"Lakini shangazi, mimi sikumlazimisha, alichukua mwenyewe," Kasuku akabisha, kisha akamgeukia Vidole. "Haya, taja neno moja tu la uongo nililokuambia. Moja tu."

Vidole hakuondoa mikono kwenye kibodi.

"Uliniita rafiki."