Kurasa Nzito za Shosho

Kila Alhamisi baada ya masomo, Wachuka hubaki katika chumba cha kompyuta cha shule yao hapa Molo. Alhamisi hii alikuwa na kazi ngumu kuliko zote: kuandika wasifu wa shosho wake, nyanya yake aliyemlea tangu utotoni na ambaye angezikwa kesho yake. Kijitabu cha mazishi kilipaswa kuchapishwa kabla ya jioni.

Lakini kurasa zilikataa kusogea. Alizungusha gurudumu la kipanya, akangoja. Ukurasa ukaruka kidogo, ukaganda. Machozi yakamlengalenga.

"Madam, hii kompyuta imeharibika. Nitamwambia nini baba?"

Mwalimu Jepkosgei alivuta kiti, akatazama. Loo! Hata bibi harusi hapambwi hivyo. Kila ukurasa ulijaa waridi, fremu za dhahabu, njiwa na picha kubwakubwa zilizopigwa kwa simu. Kila jina la Kikuyu lilikuwa limepigiwa mstari mwekundu.

"Kompyuta ni nzima, mwanangu. Kila ukisogeza ukurasa, inabidi ichore haya yote upya, na papo hapo inakagua tahajia. Umeitwika mzigo. Tupunguze picha, tutoe mapambo, tuzime huo ukaguzi."

Mapambo yakaondoka moja baada ya jingine. Sasa kurasa zikateleza, zikafika mwisho upesi mno, kwa maana maneno yenyewe yalikuwa machache tu: jina, mwaka wa kuzaliwa, kanisa na watoto.

Wachuka akaangua kilio. "Nikianza kumwandika, naona ni kama nimekubali ameenda. Ndiyo maana nilikuwa naweka tu maua."

Mwalimu hakumnyamazisha. Alimshika bega mpaka kwikwi zikapungua. "Maua wageni wataleta. Wewe ndiye uliishi naye. Andika."

Akaandika jinsi shosho alivyofukia viazi kwenye majivu ili mjukuu aende shuleni na kitu cha moto mfukoni. Akaandika kwamba kanisani shosho aliimba vibaya na kwa sauti kubwa, bila haya. Akaandika kuwa siku ya mwisho hospitalini, shosho aliuliza kama Wachuka amekula.

Kesho yake kaburini, baba alisoma hadi hapo, akashindwa kuendelea. Wachuka akachukua kijitabu, akammalizia.

"Madoido yangetunyima maneno hayo," Mwalimu Jepkosgei alimwambia baadaye, akimfuta uso. "Jambo la kweli liseme wazi, hata likiuma."

Wachuka aliitikia kwa kichwa, huku wanaume wakianza kurudishia udongo.