Tangazo la Shule ya Halvor

Kila asubuhi, jikoni kwa akina Tollefson, redio ndiyo iliyotangulia kusema. Marit, mwenye miaka kumi na miwili, alikula uji wa shayiri huku mtangazaji, Mzee Orville Stenerud, akisoma bei ya ngano, kisha majina ya waliofariki, kisha shule zilizofungwa kwa baridi. Miaka arobaini na moja mji wa Halvor uliamka kwa sauti hiyo. Sasa ilibaki wiki moja. Wenye redio, wakaao mbali, walikuwa wameshauza hata mnara, na Ijumaa matangazo yangezimwa.

Jumanne kulikuwa na mtihani wa hesabu, na Marit hakuwa amesoma. Mama yake, Joyce, karani wa shule, alikuwa ameshatoka. Karani akiipigia redio simu kutoa taarifa hutaja neno la siri, ili mtu asidanganye. Marit alilijua. Akapiga simu, akaiga sauti ya mama yake.

"Halvor imefungwa leo. Neno ni kware."

"Asante, Joyce. Jifunike vizuri," alijibu Orville, akatangaza.

Mabasi yakazunguka matupu. Walimu wakakaa na madawati matupu.

Alasiri mama alirudi amenuna. "Mimi sikumpigia Orville! Maskini, uzee umemwingia. Wenye redio wamesema kesho asikanyage pale. Hata kuaga hataaga."

"Labda kweli alipigiwa, mama."

"Na nani? Neno tunalijua mimi na mwalimu mkuu tu."

Marit akatazama sakafu. "Na mimi."

Mama akaketi, buti moja bado mguuni. Akaivaa tena ya pili. "Vaa koti," akasema.

Walimkuta Orville kituoni, akifunga vikombe vyake katika gazeti.

"Ahaa! Kware mwenyewe kaja," alisema mzee, Marit alipokwisha kueleza. Hakucheka. "Mwanangu, mimi siwezi kujisafisha. Nikisema sikukosea, watasema ndio uzee wenyewe. Sema wewe."

Katika taarifa ya saa kumi na mbili jioni Marit akauambia mji mzima kuwa ni yeye aliyepiga simu ile. Kesho yake wenzake walimcheka: "Joyce mdogo! Tufungie na kesho basi!" Orville akaruhusiwa kumaliza wiki. Ijumaa akasoma majina ya waliofariki, akaaga, akazima.

Jumatatu mama alifungua redio kwa mazoea. Ikavuma tu, kama upepo.

"Sasa kusema kweli kwangu kumesaidia nini?" Marit aliuliza.

"Hakukuiokoa redio. Hakuna ambacho kingeiokoa," mama alisema. "Lakini yule mzee ameondoka na jina lake, nalo ndilo pekee alilobakiwa nalo. Mimi mwenyewe nilishaanza kulichafua. Kosa likiwa lako, Marit, liseme kabla mwingine hajalibeba."

Nje baridi ilikuwa kali kuliko siku ile ya uongo. Hapakuwa na wa kutangaza kama shule imefungwa. Marit akavaa koti, akaenda kuangalia mwenyewe.