Sauti Nyuma ya Jiko

"Raia wote wa Kapkatet mnatangaziwa kwamba Mheshimiwa Kipkurui, Msemaji Mkuu wa boma hili, sasa atahutubia taifa!"

Taifa, yaani ndama mmoja na kuku wawili, halikushangilia. Ndama alimkanyaga Msemaji Mkuu mguu, na hotuba ikaishia hapo.

Zamani mama yake Kipkurui, Rodah, angecheka mchezo huo wa mwanawe. Siku hizi hakucheka. Alikuwa amewaongoza wakulima wa chai kwenda mahakamani kudai kiwanja cha zahanati kilichonyakuliwa. Kisha wataalamu wakagundua programu ya ujasusi ndani ya simu yake, ya aina inayouzwa kwa serikali tu. Ilisoma jumbe zake na kusikiliza mazungumzo yake bila kibali cha mahakama. Rodah alinunua simu nyingine, lakini majirani waliozoea kuingia jikoni bila hodi sasa walimsalimia kutoka barabarani. Aliyebaki ni Priscillah, yaani Mama Mbuthia, mwenye duka sokoni, aliyekuja kila Jumapili baada ya kanisa.

Jumapili moja, Rodah na Priscillah wakinywa chai na simu mpya ikiwa mezani, Kipkurui alijificha nyuma ya jiko na kunguruma kwa sauti nzito:

"Priscillah! Serikali inakusikia! Inajua umetia sukari vijiko vitatu!"

Alingoja kicheko. Alisikia kikombe kikivunjika, halafu hatua za mtu anayekimbia.

Jumapili iliyofuata Rodah alipika chai ya watu wawili. Ilipoa. Akaimwaga nje.

"Nimechoka, Baba Kipkurui," alimwambia mumewe, Benard. "Kesho naondoa ile kesi. Hata hii simu mpya inasikiliza. Ilijua Priscillah ametia sukari vijiko viwili!"

"Vitatu," Kipkurui akasahihisha.

Kuni zililia motoni.

"Na wewe ulikuwa wapi?" Benard akauliza polepole.

Jioni hiyo Rodah alimpeleka Kipkurui kwa Priscillah.

"Mama Mbuthia, nisamehe," Kipkurui alisema. "Serikali ya nyuma ya jiko ilikuwa mimi."

Priscillah hakucheka. "Wiki nzima nimemnong'oneza hata mtu anayenunua chumvi. Nimemkimbia rafiki yangu. Sikia, mwanangu: walionunua ile programu hawana haja ya kusikiliza kila nyumba. Tukishaogopa, tunajifunga midomo wenyewe. Wewe umewafanyia kazi yao bure. Usichezee woga wa watu."

Kipkurui alifuta machozi kwa mkono wa sweta.

Priscillah akamgeukia Rodah. "Kesi ni lini?"

"Alhamisi."

"Basi nitafunga duka. Tutaketi pamoja, kiti cha mbele, watuone vizuri."